Jengo Namba Mbili

Umeme wa mama yangu nilikuwa nanunua mimi. Yeye yuko Muleba, mimi niko Buhembe, Bukoba mjini, na simu haijali umbali: natuma fedha, zinarudi tarakimu, namsomea kaka yangu, naye anazibonyeza kwenye mita. Ilikuwa kazi ya kufanya huku nakoroga uji wa watoto. Siku moja nikanunua kama kawaida, uniti zikarudi chache mno, nikadhani nimekosea. Nikanunua tena. Safari hii hazikurudi kabisa. Ujumbe ulisema kuna deni la kodi ya jengo kwenye mita ile, na deni hula kwanza.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na wanafunzi wangu wanalijua hilo kuliko mume wangu. Nafundisha Uraia sekondari. Kuna mada nzima juu ya wajibu wa raia kulipa kodi, na ninaifundisha kwa moyo, sifanyi mzaha. Lakini mama ni mjane, umri wake umeshavuka ule ambao mzee anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe husamehewa kodi hiyo. Msamaha wake niliufuatilia mimi kwa miguu yangu tangu mipaka ya mji ilipopanuka ikakimeza kibanja chetu, migomba na mibuni yake yote. Kwa hiyo niliingia ofisi ya kodi na sauti ileile ninayoitumia kwa wanafunzi wanaochelewa namba ya asubuhi.

Afisa alinigeuzia kompyuta yake nione mwenyewe. Kwenye boma la mama kulikuwa na majengo mawili. Jengo namba moja, nyumba ya kuishi, mmiliki mzee, amesamehewa. Jengo namba mbili: chumba kimoja, bati, marumaru sakafuni, madirisha mawili yenye grili, mlango wa chuma, umeme. Kinakaliwa. Na msamaha wa mzee, akanieleza taratibu, ni wa nyumba moja tu.

Nikacheka. Nilicheka mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "hilo ni kaburi la baba yangu."

Asiyetoka kwetu huenda akaniona mwongo. Sisi wafu wetu hatuwapeleki mbali. Tunawazika kwenye kibanja, hatua chache kutoka mlangoni, na mwenye uwezo huonyesha uwezo wake pale pale juu ya kaburi. Kwanza saruji, halafu marumaru, halafu paa la kuzuia mvua isichafue marumaru. Kaka yangu ndiye musika, mrithi wa baba, na wakati ule alikuwa na kazi nzuri kwenye kiwanda cha samaki Mwanza. Akaapa kaburi la baba halitakuwa na mfano kuanzia Muleba hadi Kamachumu. Paa halikumtosha, akainua kuta. Kuta zikadai madirisha, madirisha yakadai grili. Ndani, baba alilala upande wa kushoto, na upande wa kulia kaka akaacha nafasi ya ukubwa uleule kwa ajili ya mama, siku yake itakapofika. Mama mwenyewe aliomba kitu kimoja tu, taa, kwa sababu baba hakupenda giza. Fundi akavuta waya kutoka nyumba kubwa. Mimi nilisema kilichobaki ni kochi, nikajibiwa kwamba binti haziki, hivyo ninyamaze.

Afisa hakucheka hata kidogo. Alisema niandike pingamizi. Nikaandika usiku uleule, kurasa mbili za hasira safi, na likarudi limekataliwa: mimi si mmiliki, si mwakilishi wa mmiliki anayetambuliwa, na sikutaja kifungu cha sheria. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Miembeni.

Mzee huyo alikuwa mthamini wa majengo serikalini mpaka alipostaafu, na sasa anawawakilisha watu dhidi ya tathmini za aina ileile aliyokuwa akiifanya. Babu yake alitoka pwani akaja kufanya biashara Bukoba, akaoa hapa, wakabaki. Kiswahili chake kilikuwa laini, kama cha mtu ambaye hajawahi kupigiwa kelele. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vyombo, na kila mteja anayeingia lazima apite katikati ya masufuria. Malipo yake aliyataja mara moja, kwa sauti ya chini, tukaelewana. Kisha akaniuliza maswali, na la kwanza lilinikera.

"Kaburi lina mtu?"

"Baba yangu."

"Baba yako Mungu amrehemu. Nauliza mtu anayehema."

Nikamwambia kama ananidhihaki, Miembeni kuna ofisi nyingine. Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mwalimu, mimi nimefanya kazi hiyo miaka mingi. Chumba kikiwa na marumaru, tunaandika marumaru. Kikiwa na umeme, tunaandika umeme. Hayo yanaonekana mlangoni. Lakini aliyeandika 'kinakaliwa' aliona kitu. Aliona nini?"

Nikasema aliona balbu. Akanitazama kidogo, akasema kaburi halitozwi kodi popote, hoja yetu ni nyepesi, na kabla hajaitetea mbele ya wakaguzi ataliona kaburi lenyewe kwa macho yake.

Tulikwenda na gari lake siku ambayo sikuwa na vipindi. Alikuwa ameshawasilisha barua ya kutambuliwa kama mwakilishi, mama ametia saini, na pingamizi limepokelewa. Njiani nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kushinda. Nilimweleza jinsi kaka alivyopunguzwa kazi kiwandani mwaka juzi, akarudi Muleba na mke na watoto wanne, na jinsi nilivyoshukuru kwamba mama sasa ana watu ndani ya nyumba. Nilikuwa nakwenda kumwona mara kwa mara, lakini mke wa mtu na mwalimu wa zamu haendi kulala. Nafika asubuhi, naondoka kabla ya jioni. Mzee alisikiliza, akauliza tu nyumba ile kubwa ina vyumba vingapi vya kulala. Nikasema vitatu.

Wifi yangu alitupokea uani. Nikamuuliza mama.

"Yuko kwa baba," akasema, akaangalia chini. Nyumbani tulisema hivyo siku zote mama akienda kufagia kaburi, kwa hiyo sikuona ajabu.

Mlango wa chuma ulikuwa wazi. Mzee alivua viatu nje, akainama kidogo, akawasalimia waliolala kwa salamu ya dini yake, ndipo akaingia. Mimi nilimfuata. Mama alikuwa ameketi upande wa kulia, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa ameketi juu ya godoro.

Nilidhani amejipumzisha. Ndivyo nilivyodhani, wala sikuwa nimeshtuka, mpaka macho yalipozoea. Kanga zake mbili zilikuwa zimetundikwa kwenye grili. Redio ilikuwa dirishani. Juu ya kaburi la baba, juu ya yale marumaru ya kaka yasiyo na mfano, kulikuwa na Biblia, miwani, chupa ya chai, dawa ya kuchua magoti, na kikombe chenye mswaki. Huo mswaki ndio ulionikata. Mtu haendi na mswaki mahali anapojipumzisha mchana.

Mama alimkaribisha mgeni bila kutikisika. Akamtolea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, mzee akachukua punje mbili, akatafuna, akashukuru.

"Hapa pana hewa, mama," akasema.

"Pana hewa, waitu. Na bati halivuji."

Wakazungumza habari za mvua. Kisha mzee akaomba ruhusa akatoka, akavaa viatu, akanisubiri kwenye migomba. Nilipomfikia alikuwa anatazama lile paa kwa mbali.

"Aliyeandika hakukosea," akasema.

Nikamwambia tuondoe pingamizi. Tulipe, yaishe. Akatikisa kichwa.

"Limeshapokelewa, mwalimu. Siku ya ukaguzi imepangwa. Ukiliondoa, wanakuja vilevile kuthibitisha, na watakuja na mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji ili wasaini kwamba kinakaliwa. Watataka kuandika nani anakaa." Akanigeukia. "Nilikuuliza mapema kwa sababu hiyo. Mficha uchi hazai."

"Sikuficha. Sikujua."

"Naona," akasema, na huruma yake ilinikera kuliko swali lake la kwanza.

Nilirudi kwa mama nikakaa chini, mgongo kwenye kaburi la baba, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Nikamuuliza kwa Kihaya, lugha ambayo siwezi kumkasirikia mama ndani yake ipasavyo, kuna nini. Akanijibu kama mtu anayemweleza mtoto mbona mvua inalowesha.

Mtoto wa kiume aliyeoa hawezi kulala na mke wake chini ya paa moja na mama yake. Huo ni mwiko wetu, nao niliujua. Ndiyo sababu kila kijana wa kwetu hujenga kabla ya kuoa. Kaka alikuwa amejenga kaburi. Nyumba yake mwenyewe iliishia kwenye msingi, kule chini kwenye bonde, na sasa migomba imeota ndani yake. Aliporudi kutoka Mwanza ilikuwa aje kwa miezi michache. Usiku wa kwanza mama alisema anaumizwa na moshi wa jikoni, akachukua mkeka akaja huku kwa baba. Usiku wa pili hakutoa sababu. Baadaye kaka akamletea godoro.

"Na yeye akakubali?"

"Alisema wao ndio wahamie jikoni. Nikakataa. Musika alale jikoni na watoto? Watu wangesemaje?"

"Na wewe kulala kaburini watu watasemaje?"

"Watu hawajui. Wanajua nampenda mume wangu." Akatupa kokoto kutoka kwenye ungo. "Hapa ni mahali pangu, mwana wange. Pamepimwa kwa ajili yangu. Nimetangulia tu kupazoea."

Alicheka aliposema hivyo, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba godoro lilitandikwa sawasawa na ile nafasi ya kulia, urefu kwa upana. Nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, na mama akaendelea kuchambua maharage mpaka nilipomaliza.

Nikamwambia twende Buhembe. Nilijua jibu hata kabla sijafunga mdomo. Mama halali chini ya paa moja na mkwe wake wa kiume, hata iwe gharika. Nilipojifungua watoto wangu, kila mara alikuja Buhembe kunikanda na kunipikia, na kila usiku alikwenda kulala kwa mjane jirani. Asubuhi alirudi mapema, akajibanza nyuma ya mlango wa jikoni mpaka mume wangu atoke kwenda kazini. Mume wangu mtu mwema, alipitia mlango wa mbele akikohoa ili mama ajue anapopita. Walikaa hivyo miaka yote kwa heshima kubwa, bila kuonana uso.

Kwa hiyo hapo ndipo tulipokuwa. Kwa mwanawe wa kiume hawezi kulala, kwa binti yake hawezi kulala. Kupanga chumba mjini hawezi, mwenye kibanja kama kile aonekane analipa kodi ya chumba. Mahali pekee duniani ambapo mama yangu angeweza kulala bila kuvunja mwiko wa mtu yeyote palikuwa kando ya mume wake, na mimi nilikuwa nimeajiri mtu, kwa fedha zangu, athibitishe kwamba hapo hapalaliwi.

Nilimfuata kaka nyumba kubwa nikiwa nimejiandaa kumla mzima. Nilimkuta chumba cha wazazi, ameketi ukingoni mwa kitanda cha baba, mikono katikati ya magoti. Alikuwa ametuona tukiingia kaburini. Amekonda, kaka yangu, na mvi zimemshukia ghafla.

"Sema unalotaka," akaniambia. "Nimeshajisemea yote."

Nikamwambia nitamjengea mama chumba. Kimoja, kidogo, pale karibu na mibuni. Hapo ndipo alipoinua kichwa.

"Wewe? Binti aliyeolewa ajenge kwenye kibanja cha ukoo, mimi nikiwa ndani? Bora uniambie nihame nchi. Baba mdogo na wenzake watakuja kuniuliza kazi ya musika ni nini."

"Kazi ya musika ni nini?"

Akainamisha kichwa tena. Mke wake alikuwa nyuma ya pazia la mlango, namsikia anapenga kamasi. Sikuweza kuendelea. Nilikuja na maneno mengi, lakini mtu aliyeketi pale hakuwa yule wa kuambiwa. Yule aliyejenga madirisha ya grili alikuwa amebaki Mwanza.

Nikaenda kumwuliza mzee wa Miembeni kuhusu hicho chumba karibu na mibuni. Alikuwa ameketi garini, mlango wazi, anakula ndizi mbivu ambazo wifi alimpa.

"Kitakuwa jengo namba tatu," akasema.

Nilitaka kucheka na sikuweza. Akanieleza atakachofanya na asichoweza. Atasema hili ni kaburi, kwa sababu ni kaburi. Ataonyesha picha za mazishi, na barua ya mchungaji aliyezika. Hatasema kwamba hapalaliwi, kwa kuwa amepaona, na yeye hasemi uongo mbele ya watu aliowafundisha kazi. Wakiuliza hilo, watajibu wenyewe wenye boma. Na kama tunataka wasiandike tena neno lile, wasikute kitu.

"Na taa?"

"Taa ya kaburini si kosa. Godoro ndilo."

Mama ndiye aliyekata shauri. Alituita wote watatu, mimi, kaka na mzee, akasimama mlangoni pa kaburi na ungo wake.

"Wakiandika kwamba nalala hapa, wameandika kwamba mwanangu amenizika ningali hai," akasema. "Hilo halitafutika. Deni linafutika." Akanigeukia mimi. "Huyu mzee umemleta wewe. Mwache amalize."

Sikuwahi kumwona mama akiogopa kitu kama alivyoogopa karatasi ile. Shauri langu lilikuwa limeanza kwa kicheko ofisini, na sasa ningeshinda au ningeshindwa, mama ndiye angelipa. Nikishindwa, aibu ya kaka ingesainiwa na mtendaji. Nikishinda, ingesainiwa kwamba mama analala salama ndani ya nyumba yake, na baada ya hapo nani angeuliza tena? Mimi mwenyewe ningekuwa shahidi. Nilirudi Bukoba sikumwambia mume wangu chochote, mpaka alipouliza mbona nasahihisha daftari moja jioni nzima. Nikamweleza. Alisema mama aje kwetu, yeye atahamia kwa rafiki yake. Nikamwambia mama akisikia kwamba amemtoa mkwe wake nyumbani kwake atakufa siku hiyohiyo. Akakubali. Alijua ni kweli.

Siku ya ukaguzi nilifika Muleba asubuhi na mapema. Tulifanya kazi bila kusemeshana, mimi na wifi. Tulibeba godoro tukalipeleka nyuma ya jiko, tukalifunika kwa turubai. Kanga, redio, miwani, Biblia na dawa tulihamishia chumba cha katikati, nilicholala mimi nilipokuwa msichana, ambacho sasa ni cha watoto wa kaka. Nikatandika kitanda kimoja kwa shuka safi, nikaweka Biblia juu ya mto. Nikaifunua katikati ionekane imesomwa jana. Ninafundisha watoto wa watu wasiibe mitihani, na nilikuwa nimesimama pale nikipanga miwani ya mama yangu juu ya stuli kwa ustadi. Kaka alifagia kaburi. Akapiga deki marumaru, akaweka maua ya plastiki pale palipokuwa na mswaki.

Wakaguzi walikuja wawili pamoja na mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji. Mzee wa Miembeni alikuwa ameshavaa koti. Alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema desturi ya Wahaya ya kuwasitiri wafu wao inajulikana, kwamba sheria haitozi kaburi kwa sababu tu jamaa wamelijali, na kwamba ukubwa wa heshima haugeuzi kaburi kuwa makazi. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Mmoja wa wakaguzi alivua kofia alipoingia. Alitazama kaburi, akatazama ile nafasi ya kulia, tupu, ikimeta.

"Na hapa?"

"Pa mama," kaka akasema. "Baadaye."

Mkaguzi akaandika kwenye tabuleti yake. Akamgeukia mama, aliyekuwa amesimama nje amevaa gomesi la kanisani, mikono imekunjwa.

"Samahani, mama, lazima niulize. Mara ya kwanza waliona chumba kinatumika. Kuna mtu anaishi humu?"

Mama Kiswahili anakijua lakini hakipendi, hukisema akilazimika tu. Alikisema siku hiyo kwa sauti ya kusikika hadi kwenye migomba.

"Hakuna mtu," akasema. "Humu hakuna mtu."

Kaka aligeuka akatazama upande mwingine. Mzee wa Miembeni alitazama viatu vyake.

"Na wewe unalala wapi, mama?"

Akaonyesha nyumba kubwa. Wakaomba kuona. Mimi ndiye niliyewaongoza. Niliwafungulia mlango wa chumba cha katikati, nikasimama kando, wakaona kitanda, shuka, Biblia na miwani. Yule aliyevua kofia aliniambia mama yangu ana bahati kuwa na watoto wanaomtunza. Nikamshukuru.

Jengo namba mbili lilifutwa. Waliahidi na kweli lilifutwa. Siku chache baadaye nilinunua umeme, uniti zikarudi zote. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile, walipoondoka, mzee alinipa mkono, akasema nimsalimie mume wangu, akaondoka bila kunywa chai. Wifi aliingia jikoni kupika ndizi. Kaka akashuka bondeni, kule kwenye msingi wake, na panga mkononi, tukasikia anakata migomba iliyoota ndani. Aliikata kwa muda mrefu.

Mvua ilianza kujikusanya upande wa ziwa. Mama alivua gomesi, akafunga kanga, akaja akanikuta nimekaa kwenye ngazi.

"Umefanya vizuri," akaniambia. "Nisingeweza kusema yale kama usingeniandalia."

Nikamwambia alale ndani usiku mmoja tu. Kitanda kimeshatandikwa, wamekiona, tena wamekiandika. Nilimsihi kama mtoto anavyosihi.

"Na mwanangu alale wapi?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli, ananingoja nijibu.

Akaenda nyuma ya jiko, akaondoa turubai, nikamsikia anavuta. Godoro lilikuwa zito kwake, na magoti yake hayamruhusu kuinama.

"Njoo unisaidie," akaniita. "Litalowa."

Nikainuka nikashika upande wa pili, tukalibeba.